Mita inasema sawa, Ulaya hawasikii: kisa cha kebo iliyolowa Raskazone

Kituo kinachozungumziwa hapa kipo Raskazone, Tanga, nyumba chache kutoka ufukweni. Mwenyewe ni mzee mstaafu, mtu wa redio ya ridhaa (anayewasiliana kwa redio kwa kupenda tu, si kwa biashara) wa siku nyingi, mwenye leseni na alama ya mwito inayoanza na 5H kama ilivyo kwa Tanzania. Malalamiko yake alinieleza kwa maneno machache: "Mimi nawasikia vizuri tu. Wao hawanisikii."

Mwishoni mwa 2024 hilo halikuwa jambo la kuachwa hivihivi. Oktoba ya mwaka huo NASA na NOAA za Marekani zilitangaza kwamba jua limefika kwenye kipindi cha kilele cha mzunguko wake wa takriban miaka 11. Jua likiwa kwenye kilele, bendi ya mita 10, yaani megahezi 28 hadi 29.7, hufunguka hata kwa mitambo midogo. Alasiri, mtu wa Tanga mwenye wati 100 na antena ya waya iliyotundikwa vizuri anapaswa kuongea na Italia au Ujerumani bila taabu. Mzee aliita, akaita tena, na stesheni ya Ulaya ikamruka na kumjibu mwingine.

Kilichomchosha zaidi ni kwamba kila alichokipima kilimjibu kuwa hakuna tatizo. Redio ilitoa wati 100 kamili. Mita ya SWR, ile inayoonyesha ni kiasi gani cha nguvu kinarudi badala ya kuingia kwenye antena, ilisoma 1.3 (1 maana yake hakuna kinachorudi), na hicho ni kipimo ambacho wengi wetu tungekifurahia. Antena ilikuwa juu, haijakatika. Alikwisha kumlipa fundi akafungua redio na kubadilisha transista za mwisho za kurushia, na hali ikabaki vilevile. Fedha ile ilipotea bure, na inaniuma kwa sababu dalili zilizokuwapo zilitosha kuiondolea redio lawama kabla haijafunguliwa skrubu hata moja.

Kituo chenyewe ni hiki. Mnara wa pembetatu wa mita 12, wa mabomba yaliyochomelewa na fundi wa mtaani, unashikiliwa na nyaya za chuma kwa pande tatu, kila upande nyaya mbili. Juu kabisa kuna boksi la plastiki, la aina wanayotumia mafundi umeme kwenye viungo, na ndani yake balun, kiungo kinacholinganisha kebo na mikono miwili ya antena. Kutoka hapo zinatoka jozi mbili za waya wa shaba: mikono ya mita 5 kwa bendi ya mita 20 na ya mita 2.5 kwa bendi ya mita 10. Chini ya boksi kuna konekta, kisha kebo ya RG-213 yenye urefu wa mita 35 inayoteremka na mnara, inapita chini ya paa na kuingia chumba cha redio kupitia pembe ya dirisha.

Anasikia lakini hasikiki

Watu wakisikia hivyo hukimbilia kwenye upande wa kurusha wa redio, na mantiki yao inaeleweka: kama kupokea hakuna kasoro, basi antena na kebo ni nzima, kwa sababu njia ni moja. Njia ni moja kweli, ila masikio hayapimi kama mita. Kwenye masafa haya, unachosikia nyuma ya sauti ya mtu ni kelele za anga na za mazingira, na zote zinaingia kupitia antena ileile. Kebo ikila nguvu, inakula ishara na kelele kwa pamoja. Uwiano wao unabaki karibu uleule, unaongeza sauti kidogo, na unaona mambo yako sawa. Anayekupokea kule Ulaya hana bahati hiyo. Kelele za kwake hazipungui eti kwa sababu kebo yako imeoza. Ishara yako peke yake ndiyo inayopungua, mpaka inazama ndani ya kelele zake.

Kwa hiyo "nasikia lakini sisikiki" inaendana na redio mbovu, na inaendana vilevile na kebo inayokula nguvu. Redio yake ilitoa wati 100 kwenye mita, kwa hiyo macho yangu yalikwenda kwenye kebo.

Dalili ya pili ilikuwa ndani ya uzuri wa ile SWR. Nilimwomba mzee azungushe kutoka megahezi 28.0 hadi 29.7 huku tukisoma mita. Ilianzia 1.3, ikaishia 1.4. Yeye aliona ni sifa ya antena. Mimi ndipo nilipoanza kuwa na wasiwasi. Antena ya waya ya namna hii, ikikatwa kwa ajili ya megahezi 28.4, ina sehemu yake inayopendelea. Ukiisogeza mpaka 29.7 SWR lazima ipande na kupita 2. Ikibaki imelala kwenye bendi nzima, maana yake mita haiioni antena. Kuna kitu katikati kinameza.

Hesabu yake ni rahisi, na ningependa kila mwenye antena aijue. Nguvu inapanda kwenye kebo, na isipopokelewa na antena inarudi chini kwa kebo ileile. Ikipoteza desibeli 8 kupanda, yaani ikibaki kama sehemu moja ya sita, inapoteza 8 nyingine kushuka. Mita iliyo karibu na redio inaona kinachorudi kikiwa chini kwa desibeli 16, sawa na SWR ya takriban 1.4. Hiyo ni SWR ya kebo isiyo na antena kabisa kule juu. Unaweza kupanda ukaikata antena kwa koleo, ukashuka, na mita ikaendelea kukupa pongezi.

Kupima bila kupanda

Njia ya haraka ya kuthibitisha ni kupima mahali ambapo antena haitakiwi kufanya kazi. Antena ya mzee ni ya megahezi 14 na 28. Kwenye megahezi 21 inapaswa kuikataa nguvu karibu yote, na kebo nzima ya urefu ule ingeonyesha SWR ya 5 au zaidi. Tulifunga NanoVNA, kile kifaa kidogo cha bei nafuu cha kupimia antena na kebo ambacho siku hizi watu wengi wa ridhaa wanacho, mahali pa redio. Kwenye 21 ilisoma 1.5.

Mzee alinyamaza, akatazama dirishani kuelekea mnara. "Kwa hiyo kebo ndiyo inayopokea?" Ndiyo, kebo ndiyo iliyokuwa ikipokea, na kuigeuza nguvu ile joto. Joto lenyewe limetawanyika kwenye mita 35, kwa hiyo ukiishika kwa mkono huhisi kitu.

Hapo tulikuwa tayari kupanda. Mkanda wa usalama ulikuwapo, kijana wa kupanda alikuwapo. Lakini kwa mnara wa nyaya, kabla ya mguu kugusa ngazi, unaanza na nanga, vile vyuma vya ardhini vinavyoshikilia nyaya, na hapa ndipo kisa hiki kingeweza kuwa habari ya msiba.

Nanga zilikuwa za nondo ya milimita 16, iliyopindwa kitanzi juu na kuzamishwa kwenye zege chini ya udongo. Juu ya ardhi nondo zote tatu zilipakwa rangi ya fedha na zilipendeza. Tulichimba kwa panga kuzunguka ile ya upande wa bahari. Sentimita chache chini ya uso wa udongo rangi iliisha, na kutu ikaanza kutoka kwa maganda mazima. Tulipoikwangua mpaka kwenye chuma chenyewe, kilichobaki kilikuwa na upana wa milimita 9. Watu hutazama namba hizo wakaona 9 ni zaidi ya nusu ya 16. Lakini nguvu ya nondo inafuata eneo la mkato wake, si kipenyo: kilichobaki kilikuwa chini ya theluthi moja ya chuma cha mwanzo. Na kipande hicho ndicho kilichokuwa kikishikilia nyaya mbili, upande ambao kusi inausukuma mnara miezi mingi ya mwaka.

Chuma hakifi sawasawa. Kilichozama ndani ya zege kinalindwa, kilicho juu ya ardhi kinakauka kila jua likitoka. Adui yuko katikati, palepale udongo unapokutana na hewa: pana unyevu usiokauka, pana chumvi inayoletwa na upepo wa bahari, na pana hewa ya kutosha kuendeleza kutu. Mtu anayekagua mnara wake kwa kutazama tu hawezi kupaona.

Nanga ya pili ilikuwa na hali inayokaribia hiyo. Ya tatu, iliyo kwenye kivuli cha nyumba, ilikuwa afadhali. Vibanio vya waya navyo vilikuwa vimefungwa kinyume kwenye nyaya mbili. Kibanio kina kitako na kina uma wa duara wenye nati. Kitako kinatakiwa kukaa upande wa waya unaobeba mzigo, na uma ubane ile ncha iliyokunjwa. Ukigeuza, uma unauponda waya unaobeba, nao unadhoofika mahali pasipopasa.

Nilimwambia mzee siku ile hapandi mtu. Kijana alinung'unika kidogo, maana mnara ulikuwa umesimama wima na haujawahi kutikisika. Mzee mwenyewe alimkatiza: "Mwanangu, umesimama kwa sababu hajapanda mtu." Tulifunga kamba za akiba pande mbili kwenye vigingi vya vyuma vya pembe vilivyopigiliwa kwa kuinama, kimoja nyuma ya kingine, kisha nanga mpya zikachimbwa kando ya zile za zamani. Safari hii vyuma vilikuwa vimepakwa zinki nzito ya kuzuia kutu, na zege likainuliwa juu ya udongo sentimita 15 hivi, kichwa chake kikiwa na mteremko ili maji yasitulie. Kwa namna hiyo chuma hakigusani na udongo popote. Zege huhesabiwa kufikia nguvu yake baada ya siku 28, na tuliziacha zipite. Fundi mwashi aliona tunachelewesha. Kwa ukuta wa banda ningemkubalia. Kwa kitu kitakachobeba uzito wa mtu aliye mita 12 juu, hapana.

Ndani ya boksi

Tulipofika juu, kazi ya mzee ya kuziba ilikuwa ya kupigiwa mfano. Konekta ilizungushiwa utepe wa mpira unaojishika wenyewe, juu yake tepu nyeusi ya umeme, na boksi lilipakwa silikoni kwenye kila mshono, mfuniko mpaka kitako. Hapakuwa na ufa. Kijana alipofungua mfuniko akaita kutoka juu kwamba kuna maji, na si unyevu: maji yamesimama, yanacheza.

Swali ambalo kila mtu aliuliza ni maji yaliingiaje kwenye boksi lisilo na tundu. Boksi kama hilo linapumua. Mchana jua la Tanga linalichemsha na hewa ya ndani inatanuka, inajipenyeza nje kando ya nyaya na nyuzi za skrubu, sehemu ambazo silikoni haizibi kabisa. Usiku linapoa, linavuta hewa ya bahari iliyojaa unyevu, na unyevu ule unageuka matone kwenye kuta za plastiki. Kuvuta hewa kunahitaji kinjia chembamba mno. Maji kutoka yanahitaji tundu, na tundu halikuwapo. Kidogokidogo, usiku baada ya usiku, likajaa.

Konekta ilikuwa kwenye kitako cha boksi, na konekta za aina ya PL-259 na tundu lake SO-239 hazikuundwa kuzuia maji. Yaliyosimama ndani yalishuka taratibu kando ya pini ya kati, yakaingia kwenye kebo kutokea juu. Zile tepu nzuri za nje, ambazo zingezuia mvua, sasa zilikuwa zinazuia maji yasitoke. "Miaka yote naziba," mzee alisema, "kumbe nayafungia humohumo."

Tuliishusha kebo na kuilaza uani. Mwisho mmoja tukaweka redio, mwisho wa pili kipimo cha nguvu na mzigo bandia wa omu 50, kifaa kinachopokea nguvu mahali pa antena. Wati 100 ziliingia, wati 15 zikatoka. Hizo ni desibeli 8 na kidogo zilizopotea, pale ambapo kebo mpya ya aina hiyo na urefu huo ingepoteza kama 1.3 kwenye megahezi 28. Kwenye bendi ya mita 20 hasara ilikuwa ndogo zaidi, maana upotevu unapanda na masafa. Ndiyo sababu mzee alikuwa bado anapata watu huko, na ndiyo sababu hakuishuku kebo.

Kisha tukaichana ganda kwa kisu, kipande baada ya kipande. Chini ya konekta nyuzi za shaba za suka la nje zilikuwa nyeusi. Kadiri tulivyoteremka ndivyo zilivyozidi, mpaka mahali kebo ilipokuwa inalegea chini ya paa na kufanya tumbo. Hapo suka lilikuwa la kijani, likatoa tone zito tulipoikunja, na nyuzi zikakatika kwa vidole. Maji yanasafiri ndani ya suka yakijivuta kati ya nyuzi, na yanakwenda kutulia mahali palipo chini. Mita za mwisho, zile zilizopanda tena kuelekea dirishani, shaba ilikuwa bado inang'aa. Mtu akikata kipande upande wa redio kukagua, angeapa kebo ni mpya.

Kuna wanaoshauri kukata sehemu mbovu na kuunga. Kwa kebo iliyolowa kutokea juu sikubaliani na ushauri huo. Chumvi iliyokwisha kuingia kwenye suka haitoki kwa kuanika juani, na weusi wa shaba haurudi nyuma. Kebo ile iligawiwa vipande vya kufungia mizigo.

Swali la ibadilishwe na nini lilituchukua muda kuliko nilivyotarajia, kwa sababu RG-213 si rahisi kupatikana Tanga na bei yake inauma. Kebo ya dishi la televisheni, RG-6, ipo kila duka la umeme, na upotevu wake kwenye megahezi 28 haupishani sana na wa RG-213. Ni ya omu 75 badala ya 50, jambo ambalo kwa wati 100 halina madhara ya maana. Kinachonizuia kuipendekeza pwani ni suka lake, ambalo mara nyingi ni la alumini: halishiki risasi ya kulehemu, na likikutana na chumvi na shaba mahali pamoja linaliwa upesi. Kwa mtu wa Dodoma ningesema achukue bila kusita. Mzee aliagiza RG-213.

Konekta mpya zililehemiwa kwa chuma kikubwa cha kulehemu, kwa sababu kile kidogo cha kazi za redio hakiwezi kuupasha mwili wa konekta. Unapata risasi iliyokaa juujuu na suka lisiloshika. Ndani tuliweka grisi ya silikoni. Utepe ulizungushwa kuanzia chini kwenda juu, kila mzunguko ukilalia uliotangulia, kama makuti yanavyoezekwa, ili maji yanayoteremka yasikute mdomo wa kuingilia. Silikoni ya kuzibia yenye harufu ya siki iliwekwa kando: asidi inayotoka inapokauka inakula shaba.

Kwenye boksi tulitoboa tundu kwenye pembe ya chini kabisa na kuliinamisha boksi kidogo, maji yaelekee tundu kabla ya kufika kwenye konekta. Hili ndilo lililozua mabishano makali zaidi, hata na watu wa ridhaa wenzetu niliowaeleza baadaye. Ninashikilia msimamo wangu: katika hali ya hewa ya pwani, zuia mvua isiingie kwa juu na pembeni, na chini acha wazi. Kebo nayo ilipewa kitanzi kinachoshuka chini ya dirisha kabla ya kupanda kuingia ndani, maji ya nje yadondokee hapo, na suka lake la shaba likaunganishwa na fimbo za ardhi kabla ya ukuta kwa ajili ya radi. Juu ya mnara tulifunga kapi na kamba, antena iweze kushushwa siku nyingine bila mtu kupanda.

Kipimo kipya kilikuwa wati 73 zinazofika juu. Kutoka 15 hadi 73 ni karibu desibeli 7, zaidi kidogo ya kipimo kimoja cha S, yaani hatua moja kwenye mita ya redio inayoonyesha nguvu ya ishara, na kwa ishara iliyokuwa imezama kwenye kelele hiyo inatosha kabisa. Alasiri ya kwanza Ulaya walimjibu.

Hata hivyo mzee alinipigia simu akiwa na wasiwasi. SWR kwenye 28.4 ilikuwa 1.2, lakini akienda 29.7 inapanda hadi 2.4. "Mbona zamani haikuwa hivi?" Nilimweleza kwamba sasa mita inaiona antena yenyewe, na antena ya waya ndivyo ilivyo. Aliandika kwenye daftari lake namba za bendi zote mbili, na akaongeza ile ya megahezi 21, ambayo siku kebo ilipofungwa ilikuwa 6.1. Hiyo ndiyo anayoiangalia kila mwezi: ikianza kushuka, kebo imeanza kunywa maji, hata kama namba nyingine zote zinapendeza.

Masika ya 2025 yalipokwisha tulishusha antena kwa ile kamba na kufungua boksi. Ndani palikuwa pakavu, ila nyigu alikuwa ameanza kuziba tundu kwa udongo. Tulilisafisha na kulifunika kwa kipande cha wavu wa nailoni, tukairudisha juu. Kwenye 21 mita ilisoma 6.1.